SALUM ABDALLAH: KIJANA ALIYEITAFUTA CUBA AKAIPATA MOROGORO

Soma wasifu ufuatao kwa makini, kisha jibu maswali yaliyopo mwishoni.

Msafiri anayetoka Iringa kwenda Dar es Salaam hupita Ilula, huteremka Kitonga, huvuka Ruaha Mbuyuni na kukatiza mbuga ya Mikumi kabla ya kuiona milima ya Uluguru. Chini ya milima hiyo ndipo ulipo mji wa Morogoro. Wengi wetu tunaujua kama mahali ambapo basi husimama kidogo. Lakini katika miaka ya 1950 na 1960 mji huu ulikuwa miongoni mwa ngome kubwa za muziki wa dansi nchini, na aliyeupa sifa hiyo kuliko wengi ni mwimbaji Salum Abdallah.

Kuzaliwa na malezi

Salum Abdallah Yazidu alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Baba yake alikuwa Mwarabu na mama yake Mluguru. Wapenzi wa muziki walimwita SAY, yaani herufi za mwanzo za majina yake matatu.

Alikua wakati santuri zilipokuwa zikienea Afrika. Kuanzia mwaka 1933, kampuni ya Kiingereza iliyotumia nembo ya His Master's Voice iliuza barani humu mfululizo wa santuri zilizojulikana kwa herufi GV. Nyingi kati yake zilikuwa za muziki wa Cuba, na ya kwanza ilikuwa na wimbo El Manicero wa bendi ya Don Azpiazú. Santuri hizo ndizo zilizochochea muziki wa rumba kule Kongo, na ndizo zilizomteka kijana Salum.

Waliozisikiliza hawakujua Kihispania, lakini mapigo yake hayakuwa mageni masikioni mwao. Sababu yake ni ya kihistoria. Kwa zaidi ya miaka 300 Waafrika walivushwa bahari ya Atlantiki kwenda utumwani katika visiwa vya Karibi, wakiwemo wengi kutoka eneo la Kongo. Huko Cuba, ambako utumwa ulikomeshwa mwaka 1886, waliendelea kupiga ngoma na manyanga na kuimba kwa mtindo wa kiongozi kutoa na wenzake kuitikia. Hata neno marimba lina asili ya Kibantu. Kwa hiyo muziki ule ulipofika Morogoro ulikuwa umerudi bara ulikotoka, ukiwa umevaa nguo nyingine.

Safari iliyoishia Mombasa

Salum hakutosheka na kusikiliza. Angali kijana, alitoroka nyumbani kwa nia ya kwenda Cuba kujifunza muziki. Alifika Mombasa, na safari ikaishia hapo. Ukitazama ramani utaona ukubwa wa jambo alilolitaka: Mombasa ipo kwenye Bahari ya Hindi, nayo Cuba ipo ng'ambo ya Atlantiki, upande wa pili wa bara zima la Afrika. Alirudi Morogoro bila kuiona Cuba.

Kijana mwingine angeweza kuiona safari hiyo kuwa aibu na kuachana na muziki. Yeye aliamua kuanza na alichokuwa nacho.

Kuunda bendi

Mwaka 1948 Salum alianzisha bendi iliyoitwa La Paloma. Jina hilo ni la wimbo maarufu wa karne ya 19 uliotungwa na Mhispania Sebastián Iradier kwa mahadhi ya Cuba. Mwaka 1952 bendi ikajulikana kama Cuban Marimba, na ndilo jina lililobaki katika historia.

Mapigo ya bendi yalifuata santuri za Cuba, lakini maneno hayakuwa ya Cuba. Salum alitunga na kuimba kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtu wa sokoni, wa karakana na wa shambani. Aliimba kuhusu mapenzi, maisha ya kila siku na furaha ya ngoma yenyewe, kama katika wimbo Ngoma Iko Huku. Nyimbo zake zilirekodiwa katika santuri na kusikika redioni, hata watu wasiowahi kufika Morogoro wakaijua sauti yake.

Hakuwa peke yake mjini. Bendi ya Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, ilikuwa mpinzani wake mkubwa, na mashabiki wa mji waligawanyika pande mbili. Upinzani huo ulizisukuma bendi zote mbili kutunga nyimbo mpya bila kulala.

Wakati wa Uhuru

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1964 iliungana na Zanzibar. Muziki wa Salum uliingia katika kipindi hicho cha matumaini. Mfano ni wimbo Wanawake wa Tanzania. Jina la wimbo huu ni ushahidi mzuri kwa mwanafunzi wa fasihi na historia, kwa kuwa nchi yetu ilianza kuitwa Tanzania mwaka 1964. Hivyo, wimbo wenye jina hilo ni miongoni mwa kazi zake za mwisho.

Kifo na urithi

Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, akiwa hajafikisha miaka 40. Cuban Marimba iliendelea chini ya Juma Kilaza. Upande wa Morogoro Jazz alikuwa ameibuka kijana Mbaraka Mwinshehe, ambaye naye alifariki kwa ajali ya gari, mwaka 1979. Miaka mingi baadaye, nyimbo ambazo Salum alizirekodi kati ya 1955 na 1965 zilikusanywa na kutolewa upya nchini Ujerumani.

Tathmini

Wapo wanaodai kuwa Salum aliiga tu muziki wa kigeni. Dai hilo lina ukweli kwa upande wa mapigo na jina la bendi. Hata hivyo, kazi ya sanaa hupimwa pia kwa lugha yake, maudhui yake na hadhira yake. Kwa Salum, vyote vitatu vilikuwa vya hapa. Aidha, mapigo yenyewe yalibebwa na mababu waliochukuliwa kwa nguvu barani Afrika. Mtahiniwa anayeandika kuhusu athari za kigeni katika utamaduni wetu asiishie kutaja kilichoingia. Aeleze pia wenyeji walikifanyia nini.

Maswali

1. Eleza kwa nini muziki wa Cuba haukuwa mgeni kabisa kwa wasikilizaji wa Afrika.
2. Safari ya Mombasa inatufunza nini kuhusu tabia ya Salum Abdallah? Toa hoja mbili.
3. Mwandishi ametumiaje jina la wimbo kukadiria wakati ulipotungwa?
4. "Salum Abdallah aliiga tu muziki wa kigeni." Jadili kauli hii kwa hoja nne.