John Wesley Powell: Mtu wa mkono mmoja aliyelipima korongo la Colorado

Simu iliyo mkononi mwako inaweza kukuonyesha ulipo, na ikakosea kwa mita chache tu. Kwa uwezo huo umezuka mchezo unaoitwa jiokeshi. Mtu huficha kisanduku porini, hutangaza kwenye intaneti namba za mahali hapo, na wengine hukitafuta wakiongozwa na setilaiti. Anayekipata huandika jina lake kwenye kijidaftari kilichomo, kisha hukirudisha palepale. Mchezo huo ulianza Mei 2000 katika jimbo la Oregon, Marekani, mara tu serikali ya nchi hiyo ilipoacha kupunguza makusudi usahihi wa ishara za setilaiti kwa raia.

Leo tunamwangalia mtu aliyeficha na kutafuta vitu kando ya mto mkali zaidi ya miaka 125 kabla ya hapo, bila setilaiti na bila ramani. Kwake yeye haukuwa mchezo.

Mtoto wa mhubiri

John Wesley Powell alizaliwa Machi 24, 1834, Mount Morris, jimbo la New York. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti kutoka Uingereza aliyepinga utumwa waziwazi. Kwa sababu hiyo mtoto alipigwa mawe na wanafunzi wenzake huko Ohio. Alitolewa shuleni, akafundishwa na jirani mkulima aliyependa mawe, mimea na wanyama. Hapo ndipo alipoanza kuipenda elimu ya ardhi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, alijiunga na jeshi la Kaskazini lililopigana na majimbo yenye watumwa. Aprili 1862, katika mapigano ya Shiloh, risasi ilimvunja mkono wa kulia, na madaktari wakaukata chini ya kiwiko. Alirudi vitani na mkono mmoja. Baada ya vita akawa mwalimu wa jiolojia jimboni Illinois.

Boti nne mtoni

Wakati huo ramani ya Marekani ilikuwa na sehemu kubwa tupu upande wa kusini-magharibi. Mto Colorado ulijulikana unakotoka na unakoishia, lakini katikati ulipita ndani ya makorongo ambayo hakuna aliyekuwa ameyapima. Mei 24, 1869, Powell na wenzake tisa waliondoka Green River, Wyoming, kwa boti nne zenye chakula cha miezi kumi.

Kifaa walichokitunza kama roho zao ni barometa, bomba la kioo lenye zebaki. Hewa huwa nzito bondeni na nyepesi mlimani, hivyo zebaki hushuka kadiri unavyopanda. Kwa kuisoma, walijua wako juu ya bahari kwa kiasi gani, na mto umebakiza kushuka kiasi gani. Walipotaka kujua wako wapi duniani, walipima jua na nyota.

Mwezi Juni boti moja ilipasuka kwenye mawe. Chakula na ramani walizokwisha kuchora vilipotea. Hata hivyo watu wawili walijitosa kwenye maji makali hadi kwenye mabaki ya boti, wakarudi na barometa. Siku nyingine Powell alikwama ukutani mwa jabali, akining'inia kwa mkono wake mmoja. Mwenzake aliyekuwa juu hakuwa na kamba. Alivua suruali yake ya ndani, akaiteremsha, akamvuta nayo.

Mahali pa kutengana

Agosti waliingia katika Grand Canyon, korongo ambalo kina chake kinazidi kilomita moja na nusu. Mmoja wao alikuwa amekwisha kuacha safari. Chakula kilichobaki ni unga ulioota ukungu, matofaa makavu na kahawa.

Agosti 28 watatu walikataa kuendelea. Maporomoko yaliyokuwa mbele yao yalionekana kama kifo. Powell hakuwalazimisha. Waligawana bunduki, na mpishi akawaachia mikate juu ya mwamba. Boti moja iliachwa hapo, na juu ya miamba zikaachwa barometa, mawe waliyoyakusanya na baadhi ya risasi. Watu sita waliobaki walivuka salama. Walifyatua bunduki na kusubiri, wakitumaini wale watatu wangewafuata kwa boti iliyoachwa. Hawakuja.

Siku iliyofuata korongo likaisha. Agosti 30 waliwakuta watu wakivua kwa wavu, ambao walikuwa wameagizwa wachunge mabaki yao yakielea mtoni. Wale watatu waliopanda nchi kavu waliuawa. Powell mwenyewe aliamini waliuawa na watu wa kabila la Shivwits waliowadhania ni wauaji wengine. Wanahistoria wanabishana hadi leo.

Boti iliyofichwa

Powell alirudi mtoni mwaka 1871 na kikosi kingine. Oktoba walificha boti moja, Cañonita, karibu na mlango wa mto Dirty Devil, kisha wakatoka kabla ya majira ya baridi. Mwaka 1872 baadhi ya watu wake walivuka milima na majangwa kwenda kuitafuta. Njiani waligundua kwamba mto waliodhani ni Dirty Devil ni mto mwingine kabisa, usiokuwa kwenye ramani yoyote. Ukaitwa Escalante. Walipofika, boti ilikuwapo, wakaiteremsha mtoni.

Vipimo vya safari hizo vilimfundisha Powell jambo jingine. Mwaka 1878 aliandika kwamba maji ya magharibi yanatosha kumwagilia sehemu ndogo tu ya ardhi. Kuanzia 1881 aliongoza idara ya serikali ya kupima ardhi na madini. Mwaka 1893, Los Angeles, aliwaambia wajumbe wa kilimo cha umwagiliaji kwamba wanagawa maji yasiyokuwapo, nao wakamzomea. Alifariki Septemba 23, 1902. Leo mamilioni ya watu wanaotegemea mto huo wanagombania maji yake.

Wageni sasa hushuka kwa miguu hadi Colorado kwa njia iitwayo Bright Angel, jina ambalo Powell alikipa kijito cha huko. Nawe ukienda kutafuta kisanduku kwa simu, omba ruhusa kwanza, maana hifadhi nyingi hukataza kuficha vitu. Beba maji, na uwaambie wa nyumbani unakokwenda. Simu itakuonyesha ulipo, lakini uamuzi wa kuendelea au kurudi utabaki kuwa wako, kama ulivyokuwa wa wale watu tisa pale mwambani.