Broglio, aliyeifanya pwani ya Kenya kuwa mlango wa kuzitazama nyota

KATI ya Desemba 1970 na Machi 1973, setilaiti ndogo yenye jina la Kiswahili ilikuwa ikipita kila siku katika anga ya Kehancha, mji ulio katika nchi ya Wakuria karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Iliizunguka dunia mara moja kwa muda wa takriban dakika 96, ikiambaa na ikweta, na kazi yake ilikuwa kuvitafuta na kuvichunguza vyanzo vya miale ya eksirei angani.

Jina lake lilikuwa Uhuru. Ilirushwa kutoka pwani ya Kenya mnamo Desemba 12, 1970, wakati taifa lilipokuwa likiadhimisha miaka saba ya kujitawala. Aliyeanzisha na kuongoza kituo kilichoirusha ni Profesa Luigi Broglio, mhandisi Mwitaliano ambaye jina lake halitajwi sana katika historia ya elimu ya nyota, ingawa mchango wake ni mkubwa.

Broglio alizaliwa Novemba 11, 1911 huko Mestre, karibu na Venice, na akakulia Roma. Alihitimu uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1934, kisha akajiunga na jeshi la anga akiwa mhandisi. Italia iliposalimu amri Septemba 1943 na majeshi ya Ujerumani kuikalia, aliingia katika kundi la wapiganaji wa chini kwa chini waliowapinga wavamizi hao.

Vita vilipokwisha alirejea chuoni. Mwaka 1952 aliteuliwa kuongoza shule ya uhandisi wa ndege ya chuo hicho, na mwaka 1956 akaanzisha uwanja wa majaribio ya roketi katika kisiwa cha Sardinia. Alipanda hadi cheo cha jenerali bila kuacha kufundisha.

Mwaka 1961 serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani iliukubali mpango wake wa kuipa Italia setilaiti yake yenyewe. Swali lililobaki lilikuwa moja: ingerushwa kutoka wapi? Italia ni nchi yenye msongamano wa watu, na roketi ikiharibika safarini huangukia makazi yao. Jibu la Broglio lilikuwa kwenda baharini, tena kwenye ikweta.

Hapo ndipo pwani ya Kenya ilipoingia katika hesabu zake. Katika ikweta ardhi huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, hivyo roketi inayoelekezwa mashariki hupata msukumo wa bure. Upande wa mashariki kuna Bahari Hindi tupu, ambako mabaki ya roketi yanaweza kuanguka bila kumdhuru mtu.

Kwa mujibu wa makubaliano ya mwaka 1962 na shirika la NASA, Marekani ingetoa roketi aina ya Scout na mafunzo, nao Waitaliano wangeunda setilaiti na kuirusha kwa mikono yao. Mnamo Desemba 15, 1964 kikosi cha Broglio kilirusha San Marco 1 kutoka Wallops, jimboni Virginia.

Wakati huo, majukwaa ya chuma yalikuwa yakiandaliwa katika Ghuba ya Ungwana, mkabala wa kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Moja, Santa Rita, lilikuwa limetumiwa awali katika utafutaji wa mafuta, na ndilo lililobeba chumba cha kuongozea urushaji. Lingine, San Marco, lilisimamishiwa roketi. Aprili 26, 1967 San Marco 2 ilipaa kutoka hapo, ikiwa setilaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa la baharini.

Broglio mwenyewe hakuwa mtaalamu wa nyota. Alichokitafuta ni kupima wepesi wa hewa katika tabaka za juu kabisa, na kifaa alichokibuni kwa kazi hiyo hujulikana hadi leo kama mizani ya Broglio. Hata hivyo, mahali alipopachagua palikuwa na faida nyingine iliyowavutia wanajimu.

Miale ya eksirei itokayo kwenye nyota haifiki ardhini, kwa kuwa hewa huizuia. Kabla ya 1970, wanasayansi walibebesha vipimo vyao kwenye roketi ndogo zilizopanda na kushuka, na kila safari iliwapa dakika chache tu za kutazama. Kwa nyota isiyobadilika, dakika hizo zingetosha. Kwa ile inayowaka na kufifia, ilikuwa sawa na kumwona mtu mara moja akipita dirishani, kisha kudai unazijua tabia zake.

Setilaiti pekee ndiyo ingeweza kukesha. Lakini setilaiti nyingi hupita katika eneo la juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini, ambako chembechembe zenye nguvu hushuka karibu na dunia na kuvuruga vipimo. Ile inayoambaa na ikweta hukwepa sehemu kubwa ya usumbufu huo. Hiyo ndiyo sababu NASA iliileta Uhuru hadi Ngomeni. Ilikuwa mara ya kwanza setilaiti ya Marekani kurushwa na nchi nyingine. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo, ndiye aliyependekeza jina, kama shukrani kwa wenyeji.

Matokeo yaliwashangaza walimwengu. Katika kundi la nyota la Centaurus, Uhuru ilibaini chanzo kilichopiga kama moyo kila baada ya sekunde 4.8, na kutoweka kila baada ya siku mbili na ushei. Ilikuwa nyota ndogo iliyoshindiliwa mno, ikiinyonya gesi nyota kubwa na kufichwa nyuma yake kila inapoizunguka. Cygnus X-1 nayo ilimetameta bila mpangilio ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na uchunguzi uliofuata ukawaelekeza wataalamu kwenye shimo jeusi. Orodha ya mwisho ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339.

Kikosi cha Broglio hakikuishia hapo. Ariel 5 ya Uingereza ilirushwa kutoka Ngomeni Oktoba 15, 1974, na SAS-3 ya Marekani ikafuata Mei 7, 1975. Mnamo Agosti 3, 1975 Ariel 5 ilinasa mlipuko katika kundi la Monoceros, jirani na Orion. Kwa muda chanzo hicho kilikishinda kila kitu angani, isipokuwa jua, kwa nguvu ya eksirei. Picha za zamani zilipopekuliwa, ikabainika kuwa nyota hiyo hiyo ililipuka pia mwaka 1917. Haionekani kwa macho matupu, lakini njia yake hupita karibu kabisa na utosi wa mtu aliyesimama Kehancha.

Kwa jumla setilaiti tisa zilirushwa kutoka majukwaa hayo. Ya mwisho ilikuwa San Marco D/L, Machi 25, 1988. Broglio alipigania Scout iliyoboreshwa ili kazi iendelee, lakini mpango huo haukutimia, na Scout yenyewe ikastaafishwa mwaka 1994. Majukwaa yakabaki kimya.

Aliaga dunia jijini Roma Januari 14, 2001 akiwa na umri wa miaka 89. Mwaka uliofuata Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyewaongoza wanasayansi wa Uhuru, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kituo cha Malindi sasa hubeba jina la Broglio, na antena zake za nchi kavu ziliendelea kuhudumia elimu ya nyota: darubini ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004 kuwinda milipuko ya angani, ilitumia Malindi kuteremshia taarifa zake.

Linalobaki ni suala la mgao wa wenye pwani. Kenya na Italia zimeyajadili upya masharti ya kituo hicho zaidi ya mara moja, na makubaliano mengine yalitiwa saini huko Trento mwaka 2016. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoundwa kwa ushirikiano na chuo alichofundisha Broglio, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani. Taifa-1 nayo ilirushwa Aprili 15, 2023 kutoka California, maelfu ya kilomita kutoka ikweta.

Broglio aliitambua thamani ya mahali hapa kabla ya wengi, akaigeuza kuwa elimu kwa ulimwengu mzima. Kuigeuza kuwa mali ya Wakenya ni kazi ambayo hakuachiwa yeye.