Gary Gygax: Mtu Aliyeweka Wema na Uovu Kwenye Jedwali

Najua wengi mlitegemea kwenye ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri niwaletee mhandisi au mwanasiasa. Safari hii nimemchagua Gary Gygax, Mmarekani ambaye pamoja na mwenzake Dave Arneson alibuni mchezo wa Dungeons & Dragons.

Kwa wasioujua: watu wanne watano wanakaa mezani na karatasi, penseli na dadu. Mmoja ni refa, anasimulia nchi ya kufikirika yenye mazimwi na majoka. Wengine kila mmoja ana mhusika wake ndani ya hadithi. Unasema unataka kufanya nini, dadu zinaamua kama umefaulu. Ni kama ngano za bibi, ila hapa wasikilizaji nao wamo ndani ya ngano. Mimi niliufahamu kupitia wenzangu wa maabara, na kilichonivuta zaidi ni mabishano. Watu wazima, wenye digrii zao, wanabishana saa nzima kama ni halali kumwibia mfalme dhalimu!

Gygax alizaliwa Chicago tarehe 27 Julai 1938. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Uswisi, mpiga fidla. Gary alipokuwa na miaka minane familia ilihamia mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin, na huko ndiko alikoishi sehemu kubwa ya maisha yake. Sekondari hakumaliza. Alipenda vitabu vya visa vya kubuni na michezo ya vita ya mezani, ile ya kupanga askari wadogo wadogo. Mwaka 1968 aliwakusanya wapenzi wa michezo hiyo katika ukumbi mmoja mjini kwao, na mkutano huo, Gen Con, unafanyika mpaka leo.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa katika kampuni ya bima Chicago: kupima hatari na kuamua nani akatiwe bima, kwa masharti gani. Lishikeni hilo, tutalirudia. Mwaka 1970 alipoteza kazi. Akawa fundi viatu nyumbani kwake, huku ana mke na watoto wa kulisha, na usiku anaandika kanuni za michezo.

Mwishoni mwa 1972 Arneson alisafiri kutoka Minnesota kumwonyesha mchezo wake mpya, ambao kila mtu aliongoza mhusika mmoja badala ya jeshi zima. Gygax alishika kalamu. Mwaka 1973 yeye na rafiki yake wa utotoni, Don Kaye, walianzisha kampuni ya TSR, na Januari 1974 sanduku la kwanza likatoka: vijitabu vitatu, nakala 1,000. Ziliisha zote. Kaye hakuyafaidi matunda. Alifariki Januari 1975.

Sasa tuje kwenye kiini. Katika vijitabu vile vya 1974 kila mhusika alichagua upande: Sheria, Vurugu, au katikati. Baadaye Gygax aliongeza mhimili wa pili, Wema na Uovu, na kitabu cha wachezaji cha 1978 kikawa na jedwali kamili: tatu mara tatu, misimamo tisa. Unaweza kuwa mwema unayefuata sheria, au mwema usiyejali sheria, au mwovu anayefuata sheria barabara (huyu sote tumewahi kukutana naye kwenye ofisi fulani). Mimi mhandisi napenda jedwali, sikatai. Lakini naona mkono wa yule mtu wa bima: kila kiumbe kina kundi lake, na hatari yake inajulikana kabla hujakutana naye. Zimwi limeandikwa ovu, basi.

Tatizo lilijitokeza ndani ya kazi zake mwenyewe. Mwaka 1979 aliandika kisa kiitwacho The Keep on the Borderlands, ambamo wachezaji wanavamia mapango ya mazimwi. Katika mapango hayo kitabu kinaorodhesha pia watoto wasiopigana. Kinawahesabu, kisha kinasonga mbele kwenye chumba kingine. Mmeshaua baba zao, watoto mnawafanyaje? Mwenye wakati mgumu zaidi ni paladini, yaani mpiganaji aliyeapa kutenda haki. Akikiuka kiapo chake anapoteza nguvu zake. Swali hili limevunja meza nyingi, na marafiki wamenuniana.

Gygax mwenyewe, alipoulizwa miaka ya mwisho ya uhai wake, hakuyumba. Alisema paladini anaweza kumuua hata adui aliyejisalimisha na kutubu, asije akarudia uovu, na akaukubali ule msemo wa mayai ya chawa kuwa chawa. Msemo huo unahusishwa na Kanali John Chivington, ambaye tarehe 29 Novemba 1864 huko Sand Creek, Colorado, askari wake waliwaua Wacheyenne na Waarapaho, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Hapo mimi na mzee tunaachana. Sisi tuliosoma shuleni habari za Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, tunajua watu wa kijiji kizima wanavyohukumiwa kwa mkupuo mmoja.

Hata hivyo, tumtendee haki. Kitabu chake cha refa cha 1979 kilizungumzia wazi namna ya kumdhibiti mchezaji msumbufu: mpe adhabu ndani ya hadithi, na asipobadilika asialikwe tena. Wengi siku hizi wanaona ni afadhali kuzungumza naye pembeni kabla ya kumwangushia radi mhusika wake, lakini aliona mapema kwamba refa analinda pia amani ya meza.

Kejeli ya maisha yake ni kwamba mtu huyu, ambaye kuna kipindi alikuwa Shahidi wa Yehova, alishutumiwa kuwafundisha vijana ushetani. Miaka ya 1980 hofu hiyo ilitanda Marekani, na mwaka 1985 alihojiwa kwenye kipindi cha televisheni cha 60 Minutes akijitetea. Mwaka huohuo alipoteza usukani wa TSR, na 1986 akaondoka kabisa. Kabla ya hapo Arneson alikuwa ameshamshtaki kwa kunyimwa stahili yake, waliafikiana 1981. Gygax aliendelea kuandika michezo mingine, akapata kiharusi mara mbili 2004, na akafariki Lake Geneva tarehe 4 Machi 2008, akiwa na miaka 69.

Wanachama mnaotaka kujaribu mchezo huu, ushauri wangu ni mmoja. Kabla ya kurusha dadu, kubalianeni mambo gani hamtaki kabisa yatokee mezani kwenu, na mazimwi wenu ni watu au si watu. Jedwali la Gygax halitawajibia hilo. Kama refa wenu hajui aanzie wapi, awape wachezaji mateka mmoja mwenye jina, mwenye mama yake, kisha anyamaze asikilize.