Mikito Takayasu: Daktari wa macho ambaye jina lake limefika hadi kwenye mapafu

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa Kanazawa ulio kwenye pwani ya Bahari ya Japani, mwanamke kijana aliyezidi kidogo umri wa miaka 20 alifika kwa daktari wa macho kwa sababu uoni wake ulikuwa ukififia. Daktari huyo, Mikito Takayasu, alimulika nyuma ya jicho na kukuta jambo lisilo la kawaida: mishipa midogo ya damu ilikuwa imeungana yenyewe kwa yenyewe na kulizunguka eneo linapotokea neva ya jicho, mithili ya shada la maua.

Aliyaeleza aliyoyaona mbele ya madaktari wenzake wa macho, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1908. Ilihusu jicho tu. Hata hivyo, ugonjwa unaobeba jina lake leo hushambulia mshipa mkuu unaotoka moyoni na matawi yake, na kwa wagonjwa wengi huingia katika mapafu.

Takayasu alizaliwa mwaka 1860 huko Saga, katika kisiwa cha Kyushu, miaka minane kabla ya mageuzi ya Meiji yaliyoifungulia Japani milango ya elimu ya kigeni. Serikali mpya ilichagua utabibu wa Kijerumani uwe kielelezo cha vyuo vyake, na kijana huyo alikuwa miongoni mwa kizazi cha mwanzo kilicholelewa katika mfumo huo. Alihitimu udaktari mjini Tokyo mwaka 1887, na mwaka uliofuata akaenda Kanazawa, ambako alifundisha na baadaye kukiongoza chuo cha udaktari cha mji huo. Karibu maisha yake yote ya kazi aliyatumia huko, mbali na mji mkuu.

Chombo alichokitegemea, kile kinachomwezesha daktari kutazama ndani ya jicho la mtu aliye hai, kilikuwa kimebuniwa Ujerumani mwaka 1851. Jicho ni mahali pa pekee mwilini ambapo mishipa ya damu huonekana waziwazi bila kisu. Takayasu aliichora na kuieleza kwa uangalifu mishipa aliyoiona, wala hakujitia kujua zaidi ya hapo. Huo ni uaminifu wa kitaaluma, ijapokuwa uliacha swali kubwa bila jibu: kwa nini damu ilikuwa ikitafuta njia za mzunguko ndani ya jicho la binti huyo?

Jibu lilianza kujitokeza pale pale mkutanoni. Madaktari wawili, Onishi na Kagoshima, walieleza kwamba nao walikuwa na wagonjwa wenye macho ya namna hiyo, na kwamba mapigo ya damu kwenye vifundo vya mikono yao hayakushikika. Kumbe tatizo lilianzia mbali na jicho. Mishipa mikubwa ya shingoni na mikononi ilikuwa imesinyaa, na jicho lililokosa damu ya kutosha lilikuwa likijitengenezea vijia vipya.

Isitoshe, mwaka 1830, miaka 30 kabla Takayasu hajazaliwa, tabibu wa Kijapani aitwaye Yamamoto alikuwa ameandika habari za mwanamume wa miaka 45 aliyeanza kwa homa, kisha akapoteza mapigo ya mikono na ya shingo. Mgonjwa huyo alidhoofika, akawa anakosa pumzi, na hatimaye akafa ghafla. Haiwezekani kubaini leo kama pumzi hiyo ilikatwa na moyo au na mapafu.

Takayasu alifariki mwaka 1938 huko Beppu, mji wa chemchemi za maji ya moto katika kisiwa kile kile alikozaliwa. Miaka miwili baadaye daktari Ohta alichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti ya mgonjwa mwenye umri wa miaka 25, na hapo ikaonekana kwamba uvimbe ulikuwa umeenea katika kuta za mishipa mikubwa. Mwaka 1951 Shimizu na Sano waliupa ugonjwa huo jina lililovuma: ugonjwa usio na mapigo.

Jina hilo lina mtego wake. Katika hatua za mwanzo mapigo huwa bado yapo, na hutokea mkono ukawa mzima ilhali mshipa unaopeleka damu kwenye pafu umekwishaziba. Ukuta wa mshipa huo huvimba na kuwa mnene, na njia ya damu ikawa nyembamba. Mgonjwa huhema akipanda kilima, hukohoa, huumwa kifua, pengine hutema damu. Sehemu ya pafu iliyokosa damu inaweza kufa, na katika picha ya eksirei ikaacha kivuli au hata tundu. Upande wa kulia wa moyo, unaolazimika kusukuma damu kwa nguvu kupita kwenye mishipa iliyobanwa, huchoka, na miguu ikavimba.

Yajumlishe hayo na homa, jasho la usiku na kukonda, kwa mwanamke ambaye hajafikisha miaka 40. Katika nchi ambako kifua kikuu ni jambo la kila siku, daktari gani hatakifikiria kwanza? Wapo wagonjwa waliomeza dawa za kifua kikuu kwa miezi bila nafuu, makohozi yao yakipimwa na kutoonyesha kimelea, huku mishipa ikiendelea kuziba.

Mkanganyiko huo una upande wa pili. Utafiti wa mwaka 1977 nchini Mexico kuhusu wagonjwa 107, na mwingine wa Cape Town, Afrika Kusini, kuhusu wagonjwa 272, ulikuta kifua kikuu kwa baadhi yao. Uhusiano wa magonjwa hayo mawili umejadiliwa kwa miongo mingi, na haujathibitishwa kwamba moja huzaa jingine. Ila kwa tiba, suala hilo ni zito: dawa kuu ya kutuliza uvimbe wa mishipa, prednisoloni, hupunguza kinga ya mwili na inaweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala. Kwa hiyo daktari hulazimika kuyatafuta yote mawili kabla ya kuanza tiba.

Picha za CT zinazoonyesha mishipa ya kifua hutegua kitendawili hicho, lakini hazipatikani kila mahali. Kipimo cha presha kipo hata kwenye zahanati. Presha ikipimwa katika mikono yote miwili, si mmoja tu kama ilivyozoeleka, na tofauti ikazidi milimita 10, hiyo ni mojawapo ya dalili zilizowekwa mwaka 1990 katika vigezo vya kuutambua ugonjwa wa Takayasu.