Profesa Aliyekiacha Kiti, Akabaki Wodini



Nikiwa mwaka wa pili wa falsafa tulikuwa na mwalimu mmoja, msomi kwelikweli. Alikuwa akiingia darasani anafungua daftari lake, anasoma mpaka muda unakwisha, anaondoka. Alijua kila kitu, sisi tukatoka kapa. Wiki hii nimemkumbuka, maana rafiki yangu anayesoma udaktari amenilalamikia jambo hilohilo kuhusu mhadhiri wake. Na kwake ni zito zaidi: mimi nisipomwelewa Aristotle hafi mtu. Basi leo nawaletea Mtakatifu Giuseppe, yaani Yosefu, Moscati, mlei, daktari na mwalimu wa madaktari.

Alizaliwa Benevento, kusini mwa Italia, tarehe 25 Julai 1880, mtoto wa saba kati ya tisa. Baba yake alikuwa hakimu, na baadaye familia ilihamia Napoli. Huko kaka yake Alberto, aliyekuwa mwanajeshi, aliletwa nyumbani baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi. Aliumia kichwa na akabaki na kifafa. Giuseppe, bado kijana mdogo, akawa anakaa naye kitandani na kumhudumia. Ukiniuliza mimi, darasa lake la kwanza la udaktari lilikuwa pale, kabla hajafungua kitabu. Mwaka 1903 alihitimu Chuo Kikuu cha Napoli, akaanza kazi katika Hospitali ya Incurabili, jina lenye maana ya wasioponyeka.

Mwaka 1906 mlima Vesuvio ulilipuka. Moscati akakimbilia hospitali ya Torre del Greco, akasimamia kuwatoa wagonjwa nje, wengi wao wazee na waliopooza. Walipokwisha kutoka, paa likaanguka kwa uzito wa majivu. Wengi wakimsimulia huishia hapa, na siwalaumu, ni kama filamu. Mimi kinachonivuta zaidi hakina kishindo: jinsi alivyofundisha.

Mwaka 1911 alipata kibali cha kufundisha kemia ya mwili chuo kikuu. Alikuwa mtu wa maabara, mwandishi wa tafiti, angeweza kabisa kuishia ubaoni. Lakini alikuwa akiwachukua wanafunzi hadi kitandani kwa mgonjwa. Pale wanaona daktari anavyomsikiliza mtu, anavyomgusa tumbo, anavyosita kabla ya kutamka jina la ugonjwa. Mambo hayo daftari haliwezi kuyasoma kwa sauti.

Halafu kuna chumba cha maiti. Moscati alipasua maiti na kufundishia hapo. Hebu fikiria vizuri maana yake. Mwalimu anayewaleta wanafunzi mahali hapo anaweka jina lake rehani, kwa sababu ndipo inapojulikana kama alichokisema juzi kitandani kilikuwa kweli au la. Wahadhiri wangapi wanakubali kukosolewa mbele ya wanafunzi wao? Ukutani mwa chumba hicho aliweka msalaba wenye maneno ya nabii Hosea juu ya kifo kushindwa. Wakati huo wasomi wengi wa Napoli waliona imani ni mambo ya bibi zao, kwa hiyo hilo nalo halikuwa jepesi.

Mwaka 1917 mambo yakafika njia panda. Kiti cha uprofesa kilikuwa mbele yake, cheo ambacho wengine wangekipigania kwa meno. Akakikataa, akamwachia rafiki yake, ili asiende mbali na wagonjwa. Mwanzoni nilidhani basi, ameacha kufundisha. Kumbe wanafunzi walimfuata wodini, na madaktari vijana pia. Mwaka 1919 akakabidhiwa wodi ya wanaume, na wodi hiyo ikawa shule.

Mama yake, Rosa, aliugua kisukari na kufariki mwaka 1914. Siku hizo dawa haikuwepo. Insulini ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1922, huko Toronto, na Moscati akawa miongoni mwa wa kwanza kuitumia Napoli. Hakuifanya siri yake ya kumletea sifa. Aliwakusanya madaktari wenzake akawafundisha namna ya kutibu kisukari. Sijui alimfikiria mama yake mara ngapi akiwa mbele yao, lakini ningekuwa mimi ningemfikiria kila siku.

Jumanne ya Juma Kuu, tarehe 12 Aprili 1927, alihudhuria Misa, akakomunika, akaenda hospitali kama kawaida. Mchana alirudi nyumbani, akala, akaanza kuwapokea wagonjwa, wengi wao maskini waliozoea kutibiwa bure. Akajisikia vibaya, akaketi kwenye kiti chake, na hapo ndipo alipofariki. Alikuwa na miaka 46. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 25 Oktoba 1987, wakati wa Sinodi iliyozungumzia walei. Tunamkumbuka tarehe 16 Novemba.

Mwili wake uko katika kanisa la Gesù Nuovo, Napoli. Pembeni yake kuna vyumba vya kumbukumbu, na ndani yake kimewekwa kile kiti alichofia. Nimempelekea rafiki yangu picha yake, akaniambia ataituma kwenye kundi la darasa lao, ambamo mhadhiri wao naye yumo.

Mtakatifu Giuseppe Moscati, utuombee.