Bell, mwindaji wa risasi ndogo isiyogoma

KILA dirisha la usajili likifunguliwa, ubishi pale Mtaa wa Msimbazi ni ule ule. Huyu anataka straika mwenye mashuti ya kuchana nyavu, yule anataka asiye na makeke ila akipata nafasi hakosi. Wanaomtaka huyo wa pili wana shahidi porini, marehemu Walter Bell.

Bell alizaliwa mwaka 1880 karibu na Edinburgh, Scotland, akafiwa na wazazi angali mdogo. Hata miaka 20 hajafika, alikuwa ameshatua Afrika Mashariki kuwinda simba waliosumbua wajenzi wa reli ya Uganda. Mashabiki wa Mnyama mtamsamehe kwa hilo. Akaenda Canada, akapigana Vita vya Makaburu, kisha akarudi huku kutafuta pembe za ndovu. Porini Karamoja, Uganda, ndiko alikopata jina la Karamojo Bell.

Enzi hizo wawindaji wa tembo walibeba bunduki kama mizinga. Zile kubwa zilikuwa na kaliba ya milimita 15, kichwa cha risasi kikiwa na uzito wa gramu 58 hivi, na kishindo chake kilimyumbisha hata mpigaji. Bell akaenda kinyume. Akachagua milimita 7, kichwa cha gramu 11 tu.

Hakubahatisha. Kwanza alitumia .303. Akajaribu milimita 6.5, akapenda wepesi wake, lakini risasi alizopata zilimuangusha. Unavuta kifyatulio, mlipuko unachelewa. Akahamia .318 yenye nguvu zaidi, nako akakuta risasi za kugoma. Sasa, mbele ya tembo hakuna mechi ya marudiano. Risasi za milimita 7 kutoka Ujerumani ndizo hazikumsaliti, akatulia nazo miaka na miaka.

Kazi ya pili ilikuwa kumsoma mpinzani. Alikata fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi, ajue pa kulenga akiwa mbele, ubavuni au nyuma. Risasi ndogo ikifika pale, tembo anadondoka. Kubwa ikikosa, anaondoka na jeraha au anamgeukia aliyempiga.

Kwa hesabu yake aliua tembo zaidi ya 1,000, karibu 800 kwa kaliba hiyo ndogo. Leo hakuna wa kushangilia idadi hiyo. Wakati ule pembe zilikuwa biashara ya wazi, na tembo ndio walioilipia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alijifunza urubani, akaruka upande wa Waingereza dhidi ya Wajerumani hapa Tanganyika. Ni vita ile ile iliyoiachia Kariakoo jina lake, kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Alifariki Scotland mwaka 1954.

Lakini tusimuige kichwa kichwa. Sheria za uwindaji katika nchi kadhaa za Afrika leo zinadai kaliba ya .375 kwenda juu kwa wanyama hatari, maana si kila mtu ana shabaha ya Bell. Alichotuachia ni swali la kuuliza kabla ya kushangaa ukubwa wa bunduki, au jina la straika: ikifika dakika ya 90, itafyatuka?