Pete Ellis: Jamaa aliyevichora vita vya Pasifiki miaka 20 kabla

Ukisikia Marine wa Marekani, unawaza wanajeshi wanaoruka kutoka kwenye boti na kuvamia ufukwe, si ndiyo? Mwaka 1918 haikuwa hivyo. Walikuwa Ufaransa, mbali na bahari, wakipigana msituni na kwenye mahandaki kama jeshi la nchi kavu. Earl "Pete" Ellis, mzaliwa wa Kansas mwaka 1880, alikuwa huko huko.

Vita vikaisha, swali likabaki: kama wanafanya kazi ileile ya jeshi, basi Marine ni wa nini?

Ellis akageukia Pasifiki. Japan ilishavichukua visiwa vya Marshall na Caroline kutoka kwa Wajerumani. Mwaka 1921 akaandika mpango wa siri: Japan ndiyo itaanza kushambulia, na Marine watateka kisiwa baada ya kisiwa. Kwa hiyo askari wazuri tu hawatoshi, wawe wanayajua maji na msitu pia. Kumbuka, Waingereza walikuwa wameshindwa vibaya Gallipoli mwaka 1915, na wengi waliona kuvamia ufukwe ni kujiua.

Mkuu wa Marine, John Lejeune, akaupitisha.

Ellis mwenyewe pombe ilikuwa inammaliza. Akaenda kuvichunguza visiwa akijifanya mfanyabiashara, akafia Koror, Palau, Mei 1923, akiwa na miaka 42. Uvumi ulisema Wajapani wamemwekea sumu. Ushahidi? Hakuna.

Februari 1944, Marine walitua Kwajalein na Eniwetok, visiwa vya Marshall.